Kiingereza Hakisomwi Kuanzia Chini

Wiki moja baada ya arobaini ya Mama, mimi na mdogo wangu Shabani tulikwenda Troyeville, hapa Johannesburg, kukifunga chumba alichoishi. Nilifungua kabati la chuma alimokuwa akiweka vitambaa, na kabla sijaona kitu harufu ikanipiga: chaki ya fundi, ile bapa ya bluu ya kuchorea nguo, pamoja na harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi kingali na unyevu. Nikakaa juu ya ndoo. Shabani alidhani namlilia Mama. Nilikuwa nalia kweli, ila si kwa sababu aliyoidhani, maana chini kabisa ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, nilikuwa nimeona vipande vinne vya kitambaa cha kijivu, kaptula ya mtoto wa miaka saba, vimekatwa vizuri na havikushonwa kamwe.

Ninyi wa rika langu mliolelewa Joburg na wazazi waliotoka mbali mnalijua neno karatasi. Kwetu halikuwa na maana ya daftari. Karatasi zilikuwa ndizo zinazokuruhusu kukaa, na mwaka ule za wazazi wetu ziliisha muda, za kuzibadilisha zikawa haziji. Shule niliyosoma miaka mitatu ikasema nibaki nyumbani kwanza mpaka zitakapopatikana. Mama hakuniambia hivyo. Aliniambia tu, "Utapumzika kidogo, Mwaju, utasomea hapa hapa nyumbani." Baba alikuwa Durban, bandarini, tukimwona mwisho wa mwezi, na hata yeye hakuniambia kitu. Basi mimi, kwa akili yangu ya miaka kumi, nikajieleza mwenyewe: Mama amenitoa shule nimsaidie kulea. Shabani alikuwa na miaka saba, mdogo wetu Tausi mitatu, na cherehani haikuwa inanyamaza. Ushahidi niliuona kamili. Nikanuna mwaka mzima kwa kosa ambalo Mama hakulifanya.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Watoto wa mtaa mzima walipimwa chumbani kwetu. Nilikuwa nashika ncha ya tepu huku msichana wa darasa langu la zamani akipimwa kiuno, ananiangalia, ananiuliza kwa Kizulu mbona siku hizi sionekani. Nilikuwa namjibu kwamba tunahamia Cape Town.

Siku hizi rafiki zangu wanaofundisha watoto wao nyumbani huniuliza waanzie wapi, wameshanunua makabati ya vitabu na chati za ukutani. Nawaambia anzeni na kilichopo mezani, maana ndivyo alivyofanya Mama. Meza ya kukatia vitambaa ndiyo ilikuwa ubao wetu: tuliandika juu yake kwa chaki ya fundi, tukafuta kwa kitambaa chenye maji. Namba Shabani alijifunza kwenye tepu, kwa kutupima sote mpaka masikio. Nusu na robo tulizijua kwa kukunja kitambaa. Tausi hakufukuzwa mezani wala hakuambiwa anyamaze. Alipewa kazi yake, trei ya mayai na kopo la vifungo, apange kwa rangi, na akimaliza Mama anavichanganya tena na kumwambia, "Eh, fundi, mbona vimevurugika?"

Somo moja lilidumu bobini moja. Mama alikuwa anajaza uzi kwenye bobini, anaipachika, anaanza kushona, na sisi tunaanza kusoma. Uzi ukiisha, cherehani ikisimama, tunaruhusiwa kunyoosha miguu na kumaliza magwinya, maandazi ya huku, yaliyobaki asubuhi. Kitambaa kigumu kilikula uzi haraka, basi siku za sare za michezo masomo yalikuwa mafupi na tulimwombea Mama azipate nyingi. "Haya, wanafunzi wa profesa, mezani!" alikuwa akiita, na asiyekuja haraka alitaniwa mpaka chakula cha mchana.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Ukishasoma ukurasa kutoka juu kwenda chini, unarudi unausoma kutoka chini kwenda juu, mstari mmoja mmoja, kuanzia wa mwisho. Mama mwenyewe alikuwa ameumbuka utotoni, kule Ujiji. Alikuwa amekariri kurasa nzima madrasa bila kuzijua herufi, mpaka ustadhi alipomwekea kidole katikati ya ukurasa akabaki ametoa macho. "Nataka macho yasome," alikuwa akituambia. "Mdomo una tabia ya kujifanya." Kwa Kiswahili Shabani alikuwa anasoma chini juu, juu chini, bila shida.

Tatizo lilikuwa Kiingereza. Mama alikijua cha kupimia nguo tu: kiuno, mikono, njoo Ijumaa. Kwa hiyo akaniachia mimi. "Hicho ni chako, mwalimu," alisema, na akanipa bobini ya saa nane mchana, Tausi akiwa amelala. Saa nane ndiyo saa wasichana wa jengo letu walikuwa wanarudi shule. Walivua viatu, wakaruka kamba uani chini ya dirisha letu, wamevaa sketi ambazo mimi ndiye niliyezikunjia pindo. Nilikuwa nasikia kamba ikipiga sakafu huku Shabani ananiuliza, "Dada, mbona hii herufi ipo lakini haisemi kitu?" Maskini, alikuwa na haki ya kuuliza. Kiswahili alikisoma kama kilivyoandikwa, na sasa anaonyeshwa lugha ambayo nusu ya herufi zake zimekaa bure. Lakini kila swali lake lilinilia dakika zangu za kamba.

Tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza cha kuanzia, cha mbuzi aliyekula mwavuli, kurasa kumi na mbili. Siku moja niliona nimechoka. Nikamwambia, "Achana na herufi. Mimi nasema, wewe unafuata." Siku mbili hazikuisha, alikuwa nacho chote kichwani. Kile kichwa chake kilikuwa na baraka! Nilimfundisha hata mahali pa kufungua ukurasa: mbuzi akipiga chafya, fungua. Aliniangalia kwa yale macho yake ya kuamini kila kitu, akauliza, "Dada, huku ndiko kusoma?"

"Ndiyo," nikasema. "Kiingereza ndivyo kinavyosomwa."

Jioni ile akamsomea Mama. Mama alisimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakulifanya hata mwenye nyumba alipobisha hodi. Shabani alisoma kwa sauti ya juu, amenyoosha mgongo, mbuzi akapiga chafya, ukurasa ukafunguka. Alipomaliza Mama alipiga vigelegele mpaka Tausi akaamka. Halafu akasema, kama kawaida yake, "Haya baba, sasa nirudishie kuanzia chini."

Shabani akanigeukia. Ulimi wangu haukuchelewa hata kidogo. "Mama, Kiingereza hakisomwi kuanzia chini," nikasema. "Maneno yake yanashikana. Ukiyageuza yanaharibika."

Natamani angenikaripia. Mama aliona haya. Aliinamisha uso, akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekutwa hajui, akafuta mikono yake kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. "Kumbe! Haya, mwalimu ni wewe," akasema, na akarudi kwenye mshono wake. Kesho yake saa nane Shabani alikariri mbuzi wake peke yake mara mbili, mimi nikateremka kuruka kamba.

Miezi ikapita hivyo. Kisha mteja mmoja wa Mama, aliyekuwa akifundisha shule ndogo upande wa Bertrams, akaleta habari. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa tayari kupokea watoto wanaosubiri karatasi, mradi waweze kwenda sambamba na wenzao. Nafasi zilikuwa mbili: moja darasa la tano, moja la pili. Tungepimwa kusoma baada ya wiki mbili. Mama alicheza. Nasema alicheza, na tepu shingoni. Jioni ile ile alitandika kitambaa cha kijivu mezani, akachora kwa chaki, akakata sketi yangu na kaptula ya Shabani. Hakuzishona. "Tusimtangulie Mungu," alisema. "Mkipita, nazishona zote mbili usiku mmoja."

Wiki mbili, jamani. Wiki mbili zilinitosha kuurekebisha uovu wangu, au angalau kumwambia Mama. Nilijaribu mara moja tu. Nilifungua kitabu cha mbuzi katikati, nikaweka kidole kwenye neno, nikamwambia Shabani alisome. Akafumba macho, akaanza kunong'ona kitabu chote tangu mwanzo ili alifikie. Niliogopa. Nikajiambia labda watampa kitabu hicho hicho, kwani vitabu vya watoto ni vingi kiasi gani? Nilijua ninajidanganya. Pia nilijua kwamba nikisema, Mama ataahirisha safari ya shule kwa sote wawili, na mimi nilikitaka kiti changu. Hilo ndilo nililolificha miaka yote hata kwa mume wangu. Nilimwacha mdogo wangu aende kuaibika ili mimi nisikose kiti.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mpole mwenye miwani ya kamba. Mama hakuwa na Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilisoma ukurasa wangu, nikajibu maswali, nikaambiwa nimepita hapo hapo. Halafu akampa Shabani kitabu chenye mbwa kwenye jalada, mbwa amepanda mtumbwi. Shabani alikifungua, akanyoosha mgongo, na kwa sauti ile ile aliyomsomea Mama akaanza: palikuwa na mbuzi aliyekula mwavuli.

Yule mama alitabasamu, akafikiri ni mzaha wa mtoto. Shabani akaendelea. Mbuzi akapiga chafya, ukurasa ukafunguliwa, na pale mbwa anavua samaki. Mwalimu akamshika mkono taratibu, akamwonyesha picha, akamuuliza huyu ni nani. Mdogo wangu alikuwa anawajua mbwa. Mtaani kwetu walikuwa wamejaa. Akaniangalia mimi kwanza, halafu akajibu kwa Kiingereza, "Mbuzi."

Mama hakuwa ameelewa maneno, lakini picha ya mbwa aliiona, na neno la Kiingereza la mbuzi alikuwa amelisikia jioni nyingi mpaka analijua. Mwalimu mkuu akanigeukia, akauliza, bila ukali wowote, mtoto huyu amekuwa akifundishwa na nani.

"Anauliza nani alimfundisha," nikamwambia Mama.

Mama hakusita. "Mwambie ni mimi. Mwambie mtoto hana kosa, ni mimi mama yake sijui."

Na mimi nikatafsiri. Nikasimama pale, miaka kumi, nywele zimesukwa vizuri, nikasema kwa Kiingereza safi: mama yangu anasema ni yeye, anasema hajui. Mwalimu mkuu alimtazama Mama kwa huruma, akasema Shabani abaki nyumbani kwanza, aje tena atakapokuwa tayari. Hilo nalo nililitafsiri. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yangu ilikuwa ndefu na wengine ndio walioitembea.

Tulirudi kwa miguu. Tuliposimama kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri magari yasimame, Shabani alinivuta mkono. "Dada," akasema polepole, Mama asisikie, "nilisahau wapi?"

"Hukusahau," nikamwambia.

Jioni Mama aliniita nje kwenye ngazi. Nilijua yamefika, nikajiandaa kwa kofi. Badala yake alinishika mikono yote miwili. "Nisamehe, Mwaju," akasema. "Nimekutwika mzigo wa mtu mzima. Wewe umejitahidi, mimi ndiye nilipaswa kukijua hicho Kiingereza." Ndipo aliponieleza habari ya karatasi, na kwa nini nilitolewa shule, na kwamba tangu siku ile halali vizuri. Nilisikiliza yote. Neno lilikuwa limefika hapa, kooni. Nikalimeza. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Mama." Hebu fikirieni! Nilimsamehe.

Alishona sketi peke yake. Nilivaa, nikaenda. Mchana nilikuwa namkuta Shabani mezani na kitabu cha mbuzi, anakirudia na kukirudia, anatafuta alipokosea. Mama aliniomba niendelee kumfundisha, nikasema nina kazi za shule, ambazo kweli nilikuwa nazo, kwa sababu nilikuwa na shule. Alijaribu yeye. Alikwenda darasa la Kiingereza la watu wazima Jumapili kwa Jumapili, anarudi anamfundisha alichofundishwa wiki ile, wote wawili wakisoma kuanzia juu tu. Sheria yake ya kuanzia chini alikuwa ameiacha, kwa heshima ya mwalimu.

Karatasi zilikuja baada ya miaka miwili. Shabani aliingia shule na watoto waliomfika kifuani, magoti yake yakigonga meza. Alikaa mpaka alipoota ndevu za kwanza, akaacha, akajifunza ufundi wa majokofu. Ni fundi mzuri. Anasikiliza friji, anakuambia ugonjwa. Meseji zake zote ni za sauti, na mimi nilikuwa namtania kwa hilo, nikimwita mtangazaji. Sikutaka kujiuliza kwa nini.

Sasa nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, vipande vya kijivu mapajani, mistari ya chaki bado inaonekana.

"Hizo za nani?" akauliza Shabani.

"Zako."

Nikamwambia yote. Kamba, mbuzi, chafya, Kiingereza hakisomwi kuanzia chini, kiti changu, ngazi. Niliyasema kwa mfululizo bila kumtazama, kwa kuogopa nikimtazama nitapunguza. Nilipomaliza alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea cherehani.

"Mimi miaka yote hii," akasema, "najua kichwa changu kizito."

"Hakikuwa kizito, Shabani. Hukufundishwa."

"Mama ulimwambia?"

"Hapana."

"Unajua alikuwa ananiomba msamaha?" akasema. "Hata hospitali. 'Nisamehe baba, mimi ndiye niliyekuharibia.' Nilikuwa namwambia Mama, achana na hayo, mimi ndivyo nilivyozaliwa." Akajifuta uso kwa mkono wake wenye grisi. Sikumwomba msamaha pale pale. Niliona nimeshachukua vya kutosha kwake siku moja. Tukafungasha vyombo, na alipoondoka alichukua mfuko wa plastiki na vipande vyake.

Siku tisa hakunipigia. Siku ya kumi ikaja meseji ya sauti, fupi. "Dada. Karimu wangu ana miaka sita, shule anakwenda lakini kusoma bado. Jumamosi saa nne uje umfundishe. Mimi nitakuwepo."

Basi nimekuwa nakwenda. Tunakaa meza ya jikoni, mimi na Karimu, na kopo la vifungo nimelirithi. Picha nazifunika kwa kiganja ili asikisie. Karimu ananiuliza kwa nini herufi hii ipo na haisemi kitu, nami namjibu, kila mara anapouliza, hata ikichukua bobini nzima. Shabani anajifanya anatengeneza kitu kwenye kaunta, bisibisi mkononi, mgongo umetugeukia. Hajaniambia amenisamehe. Sijamuuliza.

Jumamosi iliyopita Karimu alimaliza ukurasa wake wa kwanza mzima bila kusaidiwa. Nilipiga makofi, nikataka kufunga kitabu.

"Bado," Shabani akasema, bila kugeuka. "Arudie kuanzia chini."

"Lakini Baba," Karimu akalalamika, "hiki ni cha Kiingereza!"

Shabani akaweka bisibisi chini. Akageuka, akanitazama mimi, si mtoto. "Muulize shangazi yako," akasema. "Muulize kama Kiingereza kinasomwa kuanzia chini."

Karimu akaniinulia uso, akisubiri.

"Kinasomwa," nikasema, na kidole changu nikakishusha mpaka mstari wa mwisho.